Chenjiova ya ampea 63: nimeifungua, nimeifunga, haya ndiyo niliyoyaona

Habari zenu, karibuni tena. Leo nimeshika kidude ambacho wengi mmekiona kimening'inia kwenye maduka ya vifaa vya umeme mkapita tu. Ni chenjiova ya mkono, yaani swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta, pole mbili (inakata nyaya mbili kwa pamoja), ampea 63. Nimeinunua Kariakoo shilingi 45,000, hela yangu mwenyewe, hakuna aliyenilipa.

Kabla sijaifungua, tazameni huu waya. Plagi huku, na huku plagi. Nyumba niliyopanga zamani, fundi alinitengenezea huu: ncha moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima inawaka. Nilimwona bingwa kweli! Sasa angalieni hivi vyuma vya plagi. Jenereta ikiwa inanguruma, ukichomoa upande wa ukutani umeshika volti 230 zikiwa wazi, na mimi nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu anatambaa-tambaa hapo hapo.

Na usiposhusha meinswichi, umeme wako unatoka kupitia mita, unapanda nguzo, unafika kwenye transfoma. Ile inayoteremsha volti 11,000 za laini ya mtaani zikawa 230 za nyumbani, ukiilisha kwa nyuma inazipandisha. Fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo, laini imezimwa, na wewe ndani unaangalia mpira.

Mimi nilikuwa nashusha kila siku. Usiku mmoja nikasahau, na umeme ukarudi jenereta ikiwa inafanya kazi. Sauti yake ilibadilika, kama lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo, halafu moshi. Koili zote zilisukwa upya, na bei ya kusuka ingenunua chenjiova kadhaa.

Haya, nimetoa mfuniko. Sogezeni macho. Katikati kuna shafti moja tu. Mkono ukiwa kwenye I nyumba inakula TANESCO, kwenye II inakula jenereta, na hapa kati ni O, haili popote. Kutoka I huwezi kufika II bila kupita O. Hata ukiwa na usingizi, hata ukiwa na hasira, chuma chenyewe kinakataa. Hicho ndicho nilichokilipia. Nimepima kwa maltimita: baina ya upande wa TANESCO na upande wa jenereta hakuna mlio wowote, yaani hazigusani, mkono ukiwa popote. Na inakata waya wa moto pamoja na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Fundi akitaka kuziunganisha nyutro zote pamoja eti kurahisisha kazi, mwambie hapana.

Ubaya wake? Skrubu. Ni laini kama siagi. Moja imeliwa kichwa fundi akiwa bado hajaikaza vizuri, nikaenda kutafuta nyingine. Waya uliolegea kwenye tundu lake hupata moto, kwa hiyo baada ya wiki nilizima kila kitu nikamwita fundi azikaze tena. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo. Hapo naikata alama.

Imefungwa baada ya mita ya LUKU, kabla ya boksi la breka. Sili ya mita haikuguswa. Kazi ameifanya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mimi nilishika tochi. Nje ukutani tumeweka kichwa cha dume (chenye vyuma vilivyochomoza) cha buluu, ampea 16, chenye kifuniko, na waya unaotoka kwenye jenereta unaishia na jike (lenye matundu). Ukichomoa, upande wenye umeme vyuma vyake vimejificha ndani. Jenereta inakaa uani, mita 6 kutoka dirishani, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na hiyo haina harufu.

Halafu msidanganyike na hiyo 63. Jenereta yangu ni kVA 2.5, inatoa kama ampea 11 basi. Jumamosi umeme ulipokatika niliteremsha breka zote, nikaweka mkono kwenye O, nikawasha jenereta, nikaiacha dakika mbili ipate joto, ndipo nikaenda II na kupandisha breka moja moja: taa, friji, runinga. Shemeji akachomeka jagi la umeme, na jenereta ikaanza kukohoa. Jagi pekee ni wati 2,000!

Kitu kingine, haina taa ya kukuambia umeme wa TANESCO umerudi. Mimi najua kwa kelele za watoto wa jirani.

Ningeinunua tena? Ndiyo, na skrubu ningenunua siku hiyo hiyo. Na huu waya wa plagi mbili, nipeni hiyo koleo… tayari. Vipande viwili. Plagi moja naenda kuifunga kwenye pasi ya mama.