Droni ya Kupigia Picha Taa za Sikukuu Usiku: Ipi Inunuliwe na Mpiga Picha wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba na fedha kuanza kuwafikia wakulima, wapiga picha wa Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea huanza kuulizana bei za droni, kwa kuwa harusi huongezeka, Krismasi hukaribia, na kila mwenye ukumbi, kanisa au duka lililopambwa kwa taa hutaka picha iliyopigwa kutoka juu. Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi ni droni ipi ina megapikseli nyingi, na kwa kazi ya usiku swali hilo halimsaidii mnunuzi. Droni inayotoa picha safi ya ufukwe wa Msimbati saa nne asubuhi huweza kutoa picha iliyojaa chenga saa moja usiku, hata kama boksi lake limeandikwa megapikseli 48.

Kinachoamua ubora wa picha ya usiku ni ukubwa wa sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, pamoja na upana wa tundu la lenzi. Sensa ya inchi 1 ina eneo kubwa takriban mara nne kuliko ile ya inchi 1/2.3 inayowekwa katika droni za bei nafuu, na lenzi ya f/1.7 hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili na nusu ya lenzi ya f/2.8 (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni pana). Kamera iliyokosa vyote viwili hulazimika kupandisha ISO, yaani kiwango chake cha kuhisi mwanga, na hapo ndipo chenga huanza. Jambo la pili ni gimbali, yaani kishikizo kinachoituliza kamera, yenye mota tatu, kwa sababu shata, kile kilango kinachoingiza mwanga, usiku hukaa wazi kwa nusu sekunde au hata sekunde mbili, na mtikisiko mdogo tu huzigeuza balbu kuwa mistari. La tatu ni uwezo wa kupanga kila kitu kwa mkono na kuhifadhi picha ghafi (RAW), ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha. Taa za mapambo huwa balbu kali juu ya giza tupu, kwa hiyo kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe huliongezea anga mwanga usiohitajika na kuziunguza taa hadi zote zionekane nyeupe, ilhali zilikuwa nyekundu na kijani.

Kwa anayeishi kwa kazi hii, chaguo la kwanza ni DJI Air 3S, iliyotoka Oktoba 2024. Kamera yake kuu ina sensa ya inchi 1 na lenzi ya f/1.8, uzito wake ni gramu 724, na mtengenezaji anaeleza kuwa inastahimili upepo wa mita 12 kwa sekunde na kuruka dakika 45 kwa betri moja, muda ambao kwa upepo wa pwani yetu ni busara kuukata kwa robo. Sababu kubwa ya kuipa nafasi hii, hata hivyo, ni kamera yake ya pili ya milimita 70, inayovuta karibu vitu vya mbali. Kwa kamera hiyo mpiga picha anaweza kubaki juu ya eneo tupu pembeni na bado akaujaza mnara wa kanisa ndani ya fremu, bila kuipitisha droni juu ya vichwa vya waumini wanaotoka kwenye misa ya mkesha. Mbele ina kihisi cha leza kinachotambua vizuizi gizani, lakini asiwepo anayekitegemea kuona nyaya za umeme. Bei yake ilipozinduliwa Marekani ilikuwa dola 1,099, na inapofika Kariakoo usafirishaji, kodi na faida ya muuzaji huwa vimekwisha kuongezwa.

Nafasi ya pili ni DJI Mini 4 Pro ya mwaka 2023, na pengine ndiyo itakayowafaa wengi wa wanaosoma mwongozo huu. Ina sensa ya inchi 1/1.3, lenzi ya f/1.7 na vihisi vya vizuizi pande zote, ingawa vihisi hivyo ni vya kamera na giza likiingia havioni. Huweza kuigeuza kamera wima kabisa, jambo linalothaminiwa na wateja wanaotaka video za kuweka kwenye simu. Udhaifu wake ni wepesi: gramu 249 husukumwa kirahisi na kusi. Anayekusudia kupiga picha za usiku wakati wa Nanenane katika viwanja vya Ngongo, mwezi Agosti upepo ukiwa umeshika kasi, ataona tofauti kati yake na Air 3S. Wakati wa Krismasi shida huwa nyingine, kwa sababu mikoa hii ina msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba, na hakuna hata droni moja kati ya zilizotajwa hapa iliyotengenezwa kunyeshewa.

Ya tatu ni DJI Mini 3, ndugu wa hiyo ya pili, yenye sensa ya ukubwa uleule na lenzi ileile ya f/1.7. Alichopunguza mtengenezaji ni vihisi vya vizuizi, vilivyobaki vya chini tu, na kasi ya video, inayoishia fremu 30 kwa sekunde katika ubora wa juu wa 4K. Kwa picha za mnato za taa, mteja hawezi kuzitofautisha. Ikiwa fedha ni kidogo, heri Mini 3 yenye betri tatu kuliko Mini 4 Pro yenye betri moja, hasa katika miji ambayo umeme unaweza kukatika jioni ileile ya kazi.

DJI Mavic 3 Classic ina kamera bora kuliko zote hizi, kwa sensa yake ya 4/3, kubwa kuliko ile ya inchi 1, na tundu la lenzi linalorekebishika kutoka f/2.8 hadi f/11. Nimeiweka ya nne kwa makusudi. Bei yake ni kubwa, na picha nyingi za sherehe huku kwetu huishia WhatsApp, ambako hubanwa hadi ubora uliolipiwa usionekane. Inamfaa anayechapisha kalenda na mabango makubwa. Anayeipenda kamera ya namna hiyo lakini hana uwezo anaweza kutafuta Mavic 2 Pro iliyotumika, toleo la 2018 lenye sensa ya inchi 1, mradi azikague betri zake kwa makini, kwa kuwa huenda zina umri sawa na droni yenyewe.

DJI Mini 4K, iliyouzwa dola 299 ilipotoka, ni droni nzuri ya kujifunzia na ya kazi za mchana. Kwa usiku sensa yake ya inchi 1/2.3 na lenzi ya f/2.8 haviridhishi. Zile zisizo na jina la maana, zilizoandikwa 4K au 8K kwa herufi kubwa na kuuzwa pamoja na vitu vya watoto, hazistahili nafasi yoyote. Nyingi hazina gimbali ya kweli, na baadhi hazina GPS. Gizani vihisi vya chini haviioni ardhi, kwa hiyo droni isiyo na GPS huchukuliwa na upepo, na Mikindani hilo maana yake ni ghubani.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe droni juu ya meza na uitazame gimbali inavyojizungusha: inapaswa kutulia ndani ya sekunde chache, kamera ikiwa mlalo sawasawa bila kutetemeka. Kagua vile vipira vidogo vinavyoishika, maana kimoja kikichanika video yote hucheza. Kisha zima taa za chumba, elekeza kamera kwenye balbu moja ya mbali, weka ISO 400 na shata ya nusu sekunde, piga picha ghafi na uikuze kwenye skrini. Hakikisha pia kwamba programu yake inaruhusu shata ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na video iliyorekodiwa kwa kasi isiyolingana nao huonyesha taa zikipepesuka. Kwa iliyotumika, mwenye mali aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, na idadi ya chaji za kila betri isomwe kwenye programu. Ukivuka daraja la Mkapa kurudi kusini, kurudisha mali dukani Kariakoo kutoka Mtwara ni safari ya basi ya zaidi ya kilomita 500.

Seti ya vichujio vya kupunguza mwanga, ambayo wauzaji hupenda kuiambatanisha, haina kazi usiku. Fedha hiyo inunue mapanga ya akiba, memori kadi yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika video, na kitaa cha kumetameta kinachokuwezesha kuiona droni angani. Urefu wa kurudi nyumbani, yaani kimo ambacho droni hupanda inapojirudisha yenyewe, upangwe mita 40 au zaidi, kwa ajili ya minazi, na uongezwe palipo na mnara wa simu.

Wakati wa kazi nao unahusika na uchaguzi wa droni. Desemba jua la Mtwara huzama yapata saa 12 na dakika 40 jioni, na anga hubaki na bluu iliyokolea hadi kama saa 1 na robo, kwa hiyo dirisha la picha bora ni fupi, na droni ndogo yenye betri mbili huliweza. Maulidi, yanayoangukia tarehe 12 Mfungo Sita, huwa na mwezi unaokaribia kujaa, na kuta za mawe za Mikindani huonekana hata kwa sensa ya kati kama ya Mini 4 Pro. Usiku wa kuamkia Idd el-Fitri mwezi ni mwandamo tu, na hapo sensa ya inchi 1 huonyesha thamani yake.

Droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mamlaka hiyo iulizwe vibali vinavyohitajika, vikiwemo vya upande wa ulinzi, huku maombi yakitaja wazi kwamba mruko ni wa usiku. Asidanganyike mtu kwamba gramu 249 zinamwondolea wajibu huo, kwani kipimo hicho kilibuniwa kwa kufuata sheria za Marekani na Ulaya. Uwanja wa ndege wa Mtwara, bandari, mitambo ya gesi ya Madimba na Msimbati, na mpaka wa Ruvuma ni maeneo ya kukaa mbali nayo. Kwa picha za Krismasi, karatasi hizo zianze kushughulikiwa Oktoba, sambamba na kutafuta droni yenyewe.