Barua pepe ya kazi: aipitie mwenzako au programu ya akili mnemba?

Kwa kasi, programu inashinda. Sekunde chache tu, hata usiku wa manane. Kwa lugha ya heshima, namwamini mwenzako zaidi. Anajua bosi hukerwa na "nijibu haraka", hivyo atakushauri uandike "nitashukuru nikipata jibu kabla ya Ijumaa saa sita": adabu ipo, na muda umetajwa. Programu hupenda kurefusha, na mara nyingine hugeuza maana, "huenda" ikawa "hakika". Isome tena kabla ya kutuma.

Siri? Mishahara na majina ya wateja usiyabandike kwenye programu ambayo ofisi haijaidhinisha. Mwenzako naye haonyeshwi kila kitu.

Kwa majibu mengi ya kawaida, tumia programu. Unapoomba radhi au kumkatalia mtu, mtafute mwenzako.