Kusafisha picha za simu na kuziweka katika albamu ya familia: uzoefu wangu Moshi

Katika nyumba yetu hapa Moshi picha hupigwa karibu kila siku: binti akiwa na sare yake ya netiboli, mume wangu akirudi kutoka jogingi na wenzake, wadogo wakiendesha baiskeli uani, bibi yao kule Kibosho akimenya ndizi za mtori. Picha hizo zote huishia ndani ya simu, na simu ni ya mtu mmoja, yenye nywila yake na chaji yake. Mama mkwe wangu, ambaye anatumia simu ndogo ya vitufe, hakuwa akiziona mpaka mmoja wetu apande kumsalimia na kumshikia kioo mbele ya macho. Ndiyo sababu niliamua kupeleka picha za mwaka mzima katika studio moja ya mjini zisafishwe, yaani zitolewe kwenye karatasi, na kupangwa katika albamu. Huduma hiyo nimeipenda na nimeirudia, lakini nimeona kwamba uzuri wa matokeo hutegemea sana faili unalolipeleka na kama utakubali kukaa kando ya fundi wakati anaziandaa picha kabla ya kuzitoa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzikusanya, kwa kuwa zilikuwa zimetawanyika katika simu yangu, ya mume wangu na ya kijana wetu mkubwa. Tulitumia Google Photos, programu ambayo nami naisifu kwa jambo hili, kwa sababu inaweza kukusanya picha za mtu mmoja kwa kuitambua sura yake, na hivyo kumpata bibi katika maelfu ya picha hakukuwa kazi kubwa. Anayeitegemea akumbuke tu kwamba tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya za watumiaji wengi huhesabiwa katika nafasi ya bure ya GB 15, ambayo inagawanywa pia na barua pepe za Gmail na mafaili ya Drive. Familia inayopiga picha na video nyingi huijaza nafasi hiyo upesi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua zilizo bora na kuzitoa kwenye karatasi.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alijue kabla ya kwenda studio ni tofauti kati ya picha halisi iliyomo katika simu iliyoipiga na nakala yake iliyopita katika kundi la familia la WhatsApp. Programu hiyo, kwa kawaida yake, huibana picha ili isile bando, na picha iliyokuwa na pikseli (zile nukta ndogo zinazoiunda picha) 4,000 kwa upande mrefu hufika ikiwa na takriban 1,600. Kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6 upungufu huo hauonekani sana, kwa sababu bado zinabaki zaidi ya nukta 260 kwa kila inchi, na wasafishaji picha hulenga nukta 300. Tatizo hujitokeza mtu anapotaka karatasi ya A4, ambayo ina urefu wa sentimita 29.7: nakala ileile hubakiwa na nukta zisizofika 140 kwa inchi, nyuso huwa laini kama zimepakwa mafuta, na maandishi kwenye fulana hayasomeki. Picha halisi ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, huijaza karatasi hiyo bila shida. Kwa hiyo ndugu wa mbali anapokutumia picha, mwombe aitume kama dokumenti, kwa kuwa ikitumwa hivyo haibanwi, au aichague ile hali ya ubora wa juu inayojulikana kama HD. Wala mtu asidhani kwamba kamera ya megapikseli 50 ni lazima kwa kazi hii. Simu nyingi za aina hiyo, zikiachwa katika hali yake ya kawaida, huunganisha pikseli nne kuwa moja na kutoa picha ya takriban megapikseli 12, ambayo inatosha kabisa.

Nilizipeleka picha zikiwa ndani ya flashi, zimegawanywa katika mafolda kwa miezi. Zile za iPhone ya mdogo wangu zilikataa kufunguka katika kompyuta ya studio, kwa sababu simu hizo, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, huhifadhi picha katika muundo wa HEIC badala ya JPEG. Fundi alizigeuza mwenyewe kwa muda mfupi bila kunidai nyongeza, ingawa mwenye simu anaweza kuchagua JPEG katika mipangilio ya kamera na jambo likaisha hukohuko nyumbani.

Fungu la kwanza nililiacha mapokezi, nikaambiwa nipite jioni kulichukua, na hapo ndipo nilipoona upungufu mkubwa wa huduma hii. Kamera za simu nyingi hupiga picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Programu ya studio, isipoelekezwa vinginevyo, huikuza picha mpaka ijaze karatasi yote, na upande mfupi wa picha hupoteza takriban sehemu moja ya tisa. Katika picha iliyopigwa kwa kulaza simu, kinachopotea ni juu na chini, yaani vichwa vya waliosimama nyuma na miguu ya watoto waliokaa mbele. Picha niliyoumia zaidi kwayo ni ya binti yangu akirusha mpira golini katika mashindano ya shule. Pete ya goli la netiboli iko mita 3.05 kutoka ardhini, na uzuri wote wa picha ile ulikuwa katika ule umbali kati ya vidole vya mtoto na pete iliyo juu yake. Karatasi niliyopewa ilikuwa na mtoto aliyenyoosha mikono kuelekea anga tupu.

Niliirudisha, nami nawapongeza kwa namna walivyonipokea, kwa kuwa hawakubisha. Fundi kijana aliniamkia, akanivutia kiti karibu na kompyuta, akaifungua picha upya.

“Mama, nikijaza karatasi yote pete itakatika tena. Nikuwekee ukingo mweupe pembeni?”

“Weka ukingo, mwanangu. Bila ile pete picha haina maana.”

Tangu hapo kazi zangu zote nimezipitia naye picha baada ya picha, na kila ambaye ana picha za kundi au za michezo namshauri afanye hivyohivyo. Ukingo mweupe wa kushoto na kulia hauharibu chochote; katika albamu unapendeza hata kuliko picha iliyojaa.

Jambo la pili nililolisimamia kwa nguvu ni rangi ya ngozi. Katika fungu lilelile la kwanza nyuso zetu zilikuwa zimeng'arishwa bila sisi kuomba: mashavu ya watoto yalikuwa ya kijivujivu, mikunjo ya uso wa mama mkwe wangu ilikuwa imefutwa, na mume wangu, ambaye ni mweusi wa kuiva, alionekana kama mtu aliyetoka kuugua. Nilielezwa kwamba wateja wengi huipenda kazi ya namna hiyo na kwamba imekuwa desturi. Mimi siikubali, na nilisema hivyo kwa heshima. Albamu ya familia inawekwa ili wajukuu wajue bibi yao alikuwaje, pamoja na mikunjo yake, ambayo ameipata kwa miaka ya jua na moshi wa kuni, na sioni fundi ana sababu gani ya kumwondolea. Walizitoa upya bila malipo, na sasa, kabla ya kazi kuanza, mimi huomba iandikwe kwenye oda kwamba nyuso zisiguswe. Kinachohitaji kurekebishwa kweli ni mwanga, si ngozi. Picha ya bibi jikoni, iliyoonekana vizuri kabisa kwenye simu, ilitoka kiza kwenye karatasi, kwa sababu kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe ilhali karatasi huakisi tu mwanga ulioko chumbani. Fundi alinifundisha kupunguza mwanga wa kioo hadi nusu hivi kabla ya kuchagua picha za kusafisha; ile ambayo bado inasomeka hapo itatoka vyema, na isiyosomeka apewe yeye aiongezee mwanga kidogo.

Kuhusu mashine, aliniruhusu kutazama. Hawatumii printa ya wino wa majimaji kwa picha ndogo, bali ile inayohamisha rangi kutoka kwenye utepe kwa joto. Karatasi ilitoka ikiwa ya njano tupu, ikarudi ndani. Ikatoka tena ikiwa imeongezwa rangi ya waridi iliyokolea, na uso wa mtoto ukaanza kujitokeza. Ikarudi kupokea rangi ya samawati, na hapo kila kitu kikawa mahali pake. Mara ya mwisho ikapakwa utando angavu wa kuilinda. Ilikuwa kavu palepale. Tone la maji lililoangukia juu ya picha mezani nililifuta kwa kiganja na halikuacha alama, jambo ambalo ni faida kubwa mahali ambapo albamu hupita katika mikono ya watoto wanaokula.

Kwa picha za michezo niliagiza karatasi kubwa zaidi, hasa ile ya mume wangu katika nusu marathoni ya Kilimanjaro. Mashindano hayo, ambayo yamekuwa yakifanyika hapa Moshi tangu mwaka 2003, huanza mapema asubuhi, na wakimbiaji wa kilomita 21.1 huipanda barabara ya kuelekea Mweka kabla ya kugeuza na kurudi mjini. Tulisimama na watoto kwenye mpando, kwa sababu hapo wakimbiaji hupunguza mwendo na simu haipati taabu ya kuwakamata, nasi tukaliacha jua la asubuhi nyuma yetu limpige yeye usoni. Kijana wetu alishikilia kitufe cha kamera ili ipige mfululizo, kisha tukachagua moja ambayo miguu yote miwili imeachana na lami. Hakukuza picha kwa vidole ili kumvuta karibu, na ninasisitiza jambo hilo, kwa kuwa katika simu nyingi kuvuta namna hiyo kunakata tu sehemu ya picha na kuinyima studio pikseli ambazo ingezihitaji. Karatasi ya A4 ilitoka safi kiasi kwamba namba iliyo kifuani inasomeka ukiwa mlangoni.

Albamu yenyewe ndiyo sehemu niliyoridhika nayo kidogo kuliko zote. Studio huuza aina mbili: ile ya kurasa zenye gundi, inayofunikwa kwa nailoni, na ile ya mifuko. Ya gundi inavutia machoni kwa sababu unaweza kupanga picha upendavyo, lakini gundi hiyo hushika picha kwa miaka na kuacha madoa ya njano, na wakati wa kuzibandua nyingine huchanika. Albamu ya harusi ya wakwe zangu imeharibika kwa namna hiyohiyo. Nilichukua ya mifuko. Kibosho ni kwenye mteremko wa mlima, na masika ya Machi hadi Mei nyumba nyingi huwa na unyevu, kwa hiyo tumekubaliana na mama mkwe kwamba albamu ikae kabatini juu, mbali na ukuta na mbali na sakafu. Nyuma ya kila picha niliandika majina na mwaka kwa penseli laini, baada ya kuona wino wa kalamu ya kawaida haushiki vizuri kwenye karatasi ile na huchafua picha inayolala juu yake.

Gharama si ya kutisha. Picha ya inchi 4 kwa 6 haikuzidi shilingi 1,000, na ukipeleka nyingi kwa mara moja bei hushuka kwa maelewano. Ya A4 ni ghali zaidi kwa mbali, hivyo tunaichagua kwa uangalifu. Kazi ndogo hutoka siku hiyohiyo. Wanaotaka kuzigawia familia nakala waende mwanzoni mwa Desemba na si baadaye, kwa kuwa wiki ya Krismasi, Wachaga tunaporudi nyumbani “kuhesabiwa”, kama tunavyotaniwa, studio hujaa hadi nje, na fundi hapati nafasi ya kukaa na mteja mmoja kupitia picha. Mwaka huu mashemeji wameshaniomba nakala ya picha ya bibi jikoni, ile iliyoongezewa mwanga, nami oda hiyo nimeshaiandikisha pamoja na maelezo mawili: ukingo mweupe, na nyuso zisiguswe.