Gion Matsuri ya Kyoto: wamekula hela yangu kwanza ndio wakaona mimi ni mwanamke

Jamani mimi sio mtu wa kulalamika lakini hii lazima niiseme, maana ukiuliza Julai uende wapi Japani kila mtu anakwambia Kyoto, sherehe ya Gion Matsuri, usikose, na mimi nikajibeba kutoka Osaka na jamaa yangu mmoja wa Mombasa tunayesoma naye, ilikuwa jioni, maandamano yenyewe ya kuvuta mikokoteni ni kesho yake. Joto sasa! Nimekulia Tanga, joto nalijua, ila lile la Kyoto halina upepo hata wa kusingizia, mji umezungukwa na milima unaiva humo kama wali uliopaliwa makaa.

Haki yao niwape. Barabara ya Shijo magari yanazuiwa, watu tele, na katikati zimesimama zile hoko zimewashwa taa za karatasi. Hoko ni mkokoteni, lakini usiwaze mkokoteni wa Kariakoo, hii ni ghorofa ya mbao, kubwa kabisa na mlingoti wake zinafika kama mita 25 na tani 12, na mbao zake zimefungwa kwa kamba bila misumari, nikakumbuka mtepe wa Lamu. Ubavuni zingine wametundika mazulia ya zamani ya Uajemi, huko juu wamekaa wanapiga filimbi na ngoma na upatu, kon-chiki-chin, kon-chiki-chin, mpaka usiku unalala nayo kichwani.

Basi tukafika kwenye hoko moja wanauza chimaki, ukinunua unaruhusiwa kupanda. Yeni elfu na ushee. Mimi nikajua chakula, kimefungwa kwenye majani ya mwanzi vizuri kabisa, jamaa akaanza kufungua ale, mama muuzaji nusura azimie. Kumbe ni kinga, unatundika mlangoni maradhi yasiingie. Sawa. Nimelipa mimi, nimelipa vyote viwili, tukapanga foleni karibu nusu saa, nafika mlangoni tayari nimeshika viatu mkononi, baba mmoja ananiwekea mikono msalaba usoni. Dame. Hapana. Nikadhani tiketi ina shida. Hapana, ni wewe. Mwanamke hapandi. Halafu anamgeukia jamaa yangu anatabasamu, dozo, karibu.

NA AKAPANDA! Yule ndugu akapanda! Aliporudi ananiambia "aa, kawaida tu, hamna kitu", macho yanang'aa kama ametoka kuoa.

Sikilizeni, mwiko naujua. Hata kwetu kuna mahali mwanamke haingii na kuna mahali mwanamume haingii, sijawahi kugombana na mtu kwa hilo. Lakini kwetu unaambiwa mlangoni kabla hujatoa hela! Yule mama aliniona, sura yangu hii na gauni langu hili, akapokea noti akarudisha chenji na akainama. Nilipoomba hela yangu wakanionyesha chimaki, yaani si unayo mkononi.

Na kilichonichoma zaidi nilikijua baadaye. Hiyo chimaki ina kikaratasi kimeandikwa kwamba mwenye nayo ni mzao wa Somin Shorai. Huyu alikuwa maskini, akamkaribisha msafiri asiyemjua akamlaza, kumbe ni mungu, tauni ilipokuja nyumba yake ikasalimika, na yule ndugu yake tajiri aliyemfukuza mgeni akaangamia. Mgeni njoo mwenyeji apone, hiyohiyo yetu! Sherehe yenyewe ilianza mwaka 869 kwa sababu ya maradhi. Sasa mnaniuzia hadithi ya kukaribisha mgeni halafu mnanifukuza mlangoni??

Nilitaka kurudi Osaka usiku uleule. Sikurudi, treni zilikuwa zimeshona, na asubuhi nikajikuta kona ya Shijo na Kawaramachi nimenuna na mwavuli wangu. Halafu wakaanza kukata kona. Aisee. Lile dude halina usukani, magurudumu yanampita mtu urefu, kwa hiyo wanatandika mianzi iliyopasuliwa chini, wanamwaga maji, wanaume wanavuta kamba kwa ubavu kwa mpigo mmoja na ghorofa nzima inateleza inalia kwaaa, mlingoti unayumba juu ya nyaya, mara ya tatu hivi imeshageuka. Nilipiga kigelegele. Mimi huyohuyo. Wazee wa Kijapani wakageuka wakanipigia makofi.

Kwa hiyo sijui niwape nyota ngapi. Nilikuwa nimeandika msiende, nimefuta. Nendeni, ila kama ni mwanamke uliza kabla ya kutoa pochi, "josei mo daijobu desu ka", yaani wanawake nao ruksa, maana hoko nyingi wanawake tunapanda bila shida, ni chache tu zimeshikilia mwiko na mimi kwa bahati yangu nikaenda moja kwa moja kwenye mojawapo. Lakini yule baba na mikono yake, bado. Nyota mbili. Ile kona peke yake tano.

Chimaki nimeitundika mlangoni, hela yangu ile. Sijaumwa hata mafua tangu siku hiyo, na hilo nalo linaniudhi.