Mayai ya tilapia: mdomoni mwa mama au kwenye chupa?

Tilapia jike hubeba mayai mdomoni, na wafugaji wengi wa Kisumu huyaacha humo humo kidimbwini. Ni bure, na mama huyageuzageuza na kuyasafisha, ukungu usipate pa kushika. Shida huja baadaye: majike hawatagi siku moja, kwa hiyo vifaranga hupishana umri, wakubwa wakawatafuna wadogo, na walioponea hubaki na vidonda vinavyokaribisha bakteria.

Kwenye chupa ya kuangulia, maji yanayopanda kutoka chini ndiyo hufanya kazi ya mama. Vifaranga hulingana, jambo la lazima kwa anayewalisha homoni wawe madume. Ila ulezi umejitwika wewe. Mkondo ukiwa mkali, mayai huumia. Ukilegea, yanalala chini, yanageuka meupe na kuota nyuzi kama pamba, kisha ukungu unahamia mayai mazima. Wengine hukimbilia dawa ya formalini. Inaua ukungu kweli, lakini ikizidi kipimo huua mayai pia, na mvuke wake si mzuri kwa mapafu yako. Mimi ningeanza kwa kuchuja maji ya ziwa na kunyonya mayai mafu kwa mpira wa maji kila asubuhi.

Mwenye kidimbwi kimoja cha kitoweo, chupa ni gharama tupu. Anayewauzia vifaranga wenye vizimba ziwani hana budi kuwa nayo.