Namba 139 ya Reli za India: mapitio ya karani mstaafu wa masijala

Nimekaa masijala miaka 19, katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa hiyo nikisikia serikali yoyote inasema "tumepokea malalamiko yako", mimi huuliza jambo moja tu: yamepewa namba? Barua isiyo na namba kwenye rejista haijafika, hata kama uliipeleka kwa mkono wako na ukanywa chai na mhudumu. Kwa jicho hilo ndilo napitia huduma ya kero za abiria ya Reli za India. Najua wengi wenu hamtaihitaji, lakini kila wiki kuna Mtanzania anayempeleka mgonjwa kule, na wengi huishia kupanda treni.

Sisi tulimpeleka Mama Chennai kwa ajili ya goti. Alipopata nafuu na daktari akaridhika, ilibaki kwenda Delhi kumwona mdogo wangu anayesoma huko. Nilitaka ndege. Mama akakataa katakata. Amezaliwa Muheza, ambako reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika kabla hata karne ya ishirini haijaanza, na kwake safari isiyopita stesheni si safari. Basi tukakata tiketi ya treni ya jioni, daraja la tatu lenye kiyoyozi, karibu kilomita 2,200, siku moja na nusu njiani.

Kwenye daraja hilo vitanda vimepandana vitatu vitatu. Mama alikuwa na cha chini, mimi cha katikati juu yake. Sasa kuna kanuni ambayo mgeni lazima aijue: mchana kitanda cha chini ni kiti cha wote, wenye vitanda vya juu wana haki ya kukaa hapo. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni wakati wa kulala, mwenye kitanda anajinyoosha na wengine wanapanda kwao.

Saa 4 ikapita. Tulikuwa tumeshaiacha Nellore nyuma, taa zimepunguzwa, na abiria mmoja wa kitanda cha juu bado amekaa miguuni pa Mama, kompyuta mapajani, vidude vya muziki masikioni. Nilimwomba kwa adabu. Akaonyesha vidole kumi, maana yake dakika kumi. Zikapita ishirini. Mama amekunja goti lililotoka kutibiwa, hasemi kitu, ila namjua Mama: akinyamaza hivyo, anaumia.

Mbele yetu alikuwa mzee mmoja wa Kitamil, mwalimu mstaafu, ambaye tangu Chennai alikuwa akimwita Mama "Amma" na kutugawia ndizi kavu. Mimi nilimwita "Uncle" kama wanavyofanya vijana wa kule, ingawa nina miaka 58. Akaniambia kwa Kiingereza cha polepole, nisigombane na mtu usiku kwenye treni, nipige 139.

Hii 139 ndiyo napitia. Zamani abiria wa India alikuwa na namba chungu nzima: ya usalama yake, ya chakula yake, ya ajali yake. Wakaziunganisha moja baada ya nyingine, na ya usalama, 182, ilimezwa Aprili 2021. Sasa ni hiyo moja, na inajibu kwa lugha 12. Ukipiga unachagua: 1 ni usalama na mgonjwa wa ghafla, 2 ni maulizo, 3 ni chakula, 4 ni malalamiko mengine, na 9 ni kufuatilia lalamiko ulilokwisha kutoa. Hiyo 9 ilinifurahisha kuliko zote. Mtu aliyeiweka alijua kwamba mwananchi atarudi kuuliza, na hakuona kuuliza huko ni usumbufu. Mfumo wenyewe unaitwa RailMadad, ulianza mwaka 2018, na una programu ya simu kwa wasiopenda kuongea. Madad ni msaada. Waliokulia Tanga neno hilo wamelisikia kwenye kaswida tangu wadogo.

Nikabonyeza 4. Akapokea binti, akaniuliza namba ya PNR, ile ya tarakimu 10 iliyo kwenye tiketi. Hakuniuliza niko wapi, wala treni gani, wala behewa gani, maana namba hiyo inamwambia yote. Nilieleza kwa sentensi mbili. Kabla sijaweka simu chini meseji ikaingia: lalamiko limepokelewa, namba yake hii hapa.

Jamani, limepewa namba! Saa 4 na dakika 51 usiku, ndani ya treni inayokwenda, mwanamke wa Muheza aliyelala kwenye giza la Andhra Pradesh ana jalada lake.

Dakika 27 baadaye alikuja mkagua tiketi na kishikwambi chake. Hakupiga kelele. Alimwonyesha yule bwana saa, akamwonyesha kitanda chake, akasubiri amesimama mpaka kompyuta ikafungwa na miguu ikapanda ngazi. Mama akajinyoosha, akasema "alhamdulillahi", na hakuamka mpaka tumeipita Vijayawada. Mimi nikapata meseji ya pili, lalamiko limefungwa, toa maoni: bora, inaridhisha au hairidhishi. Nikapiga bora bila kusita. Kwa kazi ya namna hii natoa nyota tano kasoro robo, na hiyo robo ni ya wasio na namba ya simu ya India, kwa hiyo nunueni laini mkifika.

Asubuhi nikamshukuru Uncle, nikamsifia serikali yake. Akatabasamu kama anayemwonea huruma mtoto. Akatoa tiketi yake mfukoni.

Kisa chake ni hiki, na ni cha mamilioni wenzake. Hadi Machi 2020 mzee wa Kihindi alikuwa na punguzo la nauli: mwanamume wa miaka 60 asilimia 40, mwanamke wa miaka 58 asilimia 50. Uviko ulipoingia serikali ikaliondoa kuanzia tarehe 20 mwezi huo, ikisema wazee wasisafiri ovyo. Uviko ukapoa, treni zikarudi, mikeka ya wasafiri ikarudi kwenye majukwaa. Punguzo halikurudi. Watu wameandika, wabunge wameuliza tena na tena, na kamati ya Bunge inayosimamia reli imependekeza lirudishwe angalau kwa daraja la kulala la kawaida na hili la tatu tulilokuwa tumepanda. Mtu mmoja akaenda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo Aprili 2023 ilisema hilo ni jambo la sera, liamuliwe na serikali. Na serikali ina jibu moja inalolirudia: kila abiria, mzee na kijana, tayari anabebwa na ruzuku ya kama asilimia 46 ya gharama halisi.

"Kwa hilo," Uncle akasema, "139 haina kitufe."

Nilicheka, lakini sentensi hiyo haikunitoka kichwani mpaka Delhi. Kwa sababu ndiyo tofauti niliyoiona masijala kila siku. Kuna kero inayotaka mtu, na kuna kero inayotaka uamuzi. Ya kwanza ukiwa na namba nzuri na kijana mchangamfu imekwisha. Ya pili inazunguka: dokezo sabili, yaani karatasi ya maoni ya ofisini, juu ya dokezo sabili, "tafadhali shauri", "nimeona", "rejea folio 14", na jalada linanenepa bila kwenda popote.

India wana njia hata kwa hiyo ya pili, na sitaki kuwaonea. Ipo tovuti ya serikali kuu ya kero zote, CPGRAMS, ambayo tangu 2024 inazitaka wizara zijibu ndani ya siku 21, na ukijibiwa hovyo unakata rufaa humo humo. Na ipo njia ya kale kabisa, ombi bungeni. Kamati ya Maombi ya bunge la India imekuwepo tangu 1924, enzi za Waingereza. Bunge la chini lina kamati ya watu 15, la juu watu 10. Waziri haruhusiwi kukaa kwenye hiyo ya bunge la chini, busara hiyo, mshitakiwa asiwe hakimu. Raia anaandika ombi kuhusu jambo la manufaa ya umma, linasainiwa, linafika kwa mbunge au kwa katibu mkuu wa bunge. Wakilikubali, kamati inawaita wakubwa wa Bodi ya Reli kujieleza, inaandika ripoti, kisha wizara inatakiwa kurudi na maelezo ya nini imefanya. Wenzetu Wakenya wana haki ya namna hiyo kwenye Katiba yao, Ibara ya 119.

Ila kamati inapendekeza tu, haiamuru. Wizara inaweza kuandika kwa heshima zote kwamba imelitafakari pendekezo na haikubaliani nalo, na hapo tunarudi kwenye jalada lililonenepa. Nyota mbili, na mojawapo ni kwa sababu ripoti hizo huwekwa wazi mwananchi akazisoma.

Hata ile 139 niliyoisifia, msidhani siku zote ni kama usiku wangu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India alichunguza usafi wa treni za masafa marefu, na ripoti yake ikatoka 2025. Kwa mwaka 2022-23 peke yake yalipokelewa malalamiko zaidi ya 100,000 ya maji kukosekana vyooni na kwenye masinki ya mabehewa. Karibu theluthi moja yalichukua muda mrefu kuliko uliopangwa. Kumbuka treni haikusubiri. Ukijaziwa maji Bhopal wakati ulilalamika Nagpur, ni kama kilomita 390 umekaa hivyo.

Niongeze la pembeni. Kabla ya mifumo hii kukomaa kulikuwa na kipindi ambacho waziri wa reli, Suresh Prabhu, kati ya 2014 na 2017, alisifika kwa ofisi yake kujibu abiria kwenye Twitter. Mtu anaandika mtoto hana maziwa, kituo kinachofuata maziwa yanaletwa. Dunia ikapiga makofi. Mimi karani sikipendi sana kitu hicho. Msaada unaofika kwa sababu waziri ameona ni fadhila, na kesho waziri atabadilika. Tarakimu tatu zinazojibiwa na binti ambaye hata jina lake sikulishika zina thamani zaidi.

(Na kwetu je? LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ipo kwa sheria ya 2019 na ina baraza la kuwatetea watumiaji, LATRA CCC. Mimi mwenyewe, na ukarani wangu wote, sikuwa nalijua baraza hilo mpaka niliporudi nikaanza kutafuta. Treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024. Ningependa kuona namba fupi ya tarakimu tatu imebandikwa mgongoni mwa kila kiti.)

Delhi, mdogo wangu alitupeleka makumbusho ya taifa ya reli, mtaa wa Chanakyapuri. Injini za moshi, mabehewa ya wafalme, Mama akigusa kila chuma kama anamsalimia ndugu. Lakini kilichonifanya niandike mapitio haya ni barua inayohifadhiwa humo, ya bwana mmoja wa Bengal aitwaye Okhil Chandra Sen, ya mwaka 1909, kwenda kwa ofisi ya reli ya Sahibganj.

Nikamsomea Mama kwa Kiswahili. Bwana huyu alifika stesheni ya Ahmedpur tumbo limevimba kwa fenesi. Akashuka kujisaidia. Akiwa katikati ya shughuli, gadi akapuliza filimbi, na treni ikaanza kuondoka. Akakimbia, kata ya maji mkono mmoja, nguo mkono wa pili, akaanguka, na uchi wake wote ukaonekana na wanaume kwa wanawake waliokuwa jukwaani. Treni ikamwacha. Anataka gadi atozwe faini kubwa kwa ajili ya umma, la sivyo atakwenda magazetini.

Mama alicheka mpaka akaketi kwenye benchi. Muheza ni nchi ya mafenesi, hakuhitaji kuelezwa hali ya tumbo. Barua hiyo ndiyo inayosifiwa kwa kuleta vyoo kwenye mabehewa ya madaraja ya chini. Kiingereza chake kimevunjika kila mstari, na nikawaza kwamba leo isingepita: kanuni za bunge zinataka ombi liandikwe kwa lugha ya heshima na ya kiasi. Sen hakuwa na heshima wala kiasi. Alikuwa na aibu na hasira, akasema nini, wapi, na nani.

Mama akafuta machozi na ncha ya kanga.

"Na yule gadi," akaniuliza, "walimtoza?"

"Mama, walijenga vyoo. India nzima."

"Sikuulizia vyoo, mwanangu."