Fonti za mapambo: ita herufi unazotumia tu!

Jambo bandugu, jambo bana Lubumbashi! Leo ni fonti, yaani mitindo ya herufi, za mapambo za Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google. Mnazijua: bure, hata kwa tovuti ya biashara. Tusonge.

Kuna mama mmoja anauza juisi, anataka ukurasa wake uchangamke. Nimempa Pacifico ya Vernon Adams: herufi nene za brashi, zinaungana, zimetokana na wateleza mawimbi wa Marekani wa miaka ya 1950. Juisi kabisa! Lakini angalieni. Kichwa ni neno moja, "Lubumbashi", na simu ya mteja inashusha alfabeti nzima, tarakimu na alama juu. Mega za nani hizo?

Sasa dawa. Mwisho wa anwani ya fonti, kile kiungo cha Google unachobandika kwenye ukurasa, naongeza &text=Lubumbashi. Basi! Zinakuja herufi 8 tu: L, u, b, m, a, s, h, i. Google wenyewe wanasema faili inaweza kupungua kwa hadi asilimia 90. Mi hii naipenda bure!

Ngoja, msikimbie. Nafuta, naandika "Kolwezi". Mmeona? Ile i ya mwisho tu ndiyo imebaki Pacifico. K, o, l, w, e, z zote zimerudi fonti ya kawaida. Hata l, ndiyo, maana niliita L kubwa. Kichwa kimekuwa kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Kwa hiyo dawa hii ni ya kichwa kisichobadilika. Bei za juisi ziacheni kwenye fonti ya kawaida.

Harusi? Great Vibes, herufi za mwandiko zenye mikia. Ila majina kwa herufi kubwa tupu, hapana jamani! Mikia inakanyagana, bibi harusi mwenyewe hajisomi. Michezo ya zamani ya video, Press Start 2P. Mambo ya wachunga ng'ombe wa Marekani, Rye. Lobster ya Pablo Impallari, ya 2010, imenichosha, iko kila mahali... Kwa malewa, vile vimgahawa vya mtaani, lakini, eh, inakaa vizuri. Wekeni.

Mmoja kauliza Adobe Fonts. Nzuri sana, ila maktaba nzima inataka usajili wa kulipia. Mama wa juisi nimwambie dola za kila mwezi? Atanifukuza.

Habari ya chaneli: umeme ukikubali, Jumamosi natengeneza mwaliko wa harusi mbele yenu. Niandikieni majina ya maarusi hapo chini, hasa yenye é. Hiyo nayo lazima iitwe, na kwenye anwani inaandikwa %C3%A9.